Mama Ofu na Masharubu ya Mkaguzi

Mama Ofu alipomwona mkaguzi akishuka kwenye gari, alijua siku imeharibika. Si kwamba aliogopa wakaguzi. Wakaguzi alishawaona wa kila namna, warefu kwa wafupi, wenye kucheka na wenye kununa kama waliolazimishwa kula kwa watu wasiowapenda. Kilichoiharibu siku ni masharubu. Huyu alikuwa na masharubu mazito, meusi, yameufunika mdomo wa juu wote na kuuchungulia wa chini, masharubu ya mtu anayejiona. Alisimama pale uwanjani akasalimiana na mkuu wa shule, na Mama Ofu, akiwa dirishani katika ofisi ya walimu, aliyakodolea macho yale masharubu yakipanda na kushuka. Hakuambulia hata neno.

"Leo nimekwisha," akajisemea.

Mtu asiyemjua angeshangaa. Masharubu ya mwanamume mwingine yanamhusu nini mwanamke mwenye mume wake nyumbani? Basi ni vizuri kueleza kabla hatujaenda mbali.

Mama Ofu alikuwa mwalimu wa Kiingereza wa kidato cha tatu, na masikio yake yalikuwa yanamtoroka. Hayakuondoka kwa kishindo. Yalikuwa yakimuaga polepole, kama wageni wenye adabu, mmoja leo, mwingine kesho kutwa. Kwanza ilikwenda sauti ya birika jikoni. Maji yakawa yanachemka mpaka yanakauka, naye yuko pembeni anasahihisha madaftari. Kisha ikaenda kengele ya shule. Kisha maneno ya watu yakaanza kuliwa mwanzo na mwisho, ikabaki katikati tu, kama mkate uliopitiwa na panya pande zote. Kwa muda mrefu alilaumu watu. "Siku hizi watu wanamung'unya maneno," alikuwa akisema. "Zamani mtu akisema, alifungua mdomo." Binti yake aliyeolewa mbali akimpigia simu, alilaumu mtandao. "Mtandao mbovu, mwanangu, nitakupigia mimi," anakata, na hapigi.

Wa kwanza kung'amua ni mumewe. Huyo alikuwa fundi wa kuchora vibao vya maduka, mtu mwenye utani mwingi, na yeye pia alikuwa na masharubu. Aliyafuga tangu ujanani, akiyapaka mafuta na kuyachana kila asubuhi kwa kitana chake kidogo ambacho hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kukigusa. Jioni moja aliingia sebuleni, mkewe akainua macho, akapiga yowe. Alidhani ni mwizi. Mume alikuwa amenyoa. Mdomo wake wa juu ulikuwa mtupu, unang'aa, kama ukuta uliobanduliwa tangazo.

"Umefanya nini wewe?"

Mume akavuta kiti, akaketi mbele yake, uso kwa uso, akasema taratibu, "Sasa unaniona ninavyosema?"

Mama Ofu aliutazama mdomo ule mtupu. Machozi yakamtoka, halafu akacheka, maana ule mdomo ulikuwa unachekesha kweli.

"Nani kakwambia?"

"Mabirika yameniambia. Tumeyaunguza mpaka muuza vyombo anadhani tunafungua hoteli."

"Usimwambie mtu, mume wangu."

"Mimi nimwambie nani? Lakini wewe waambie shuleni."

"Wakijua wataniondoa darasani. Wataniweka maktaba. Bora nife."

"Usife kwanza," mumewe akasema. "Masharubu yangu yameshakufa kwa ajili yako. Msiba mmoja unatosha."

Hayo ya maktaba hakuyasema bure. Maktaba ya ile shule ilikuwa chumba mwisho wa jengo, chenye kufuli na vitabu vilivyorundikwa chini kama matofali, na hakuna mwanafunzi aliyefika huko ila kwa adhabu ya kufagia. Mwalimu wa hesabu aliyekuwa haoni vizuri aliwekwa humo. Akakaa, akakaa, akawa anakuja kwa kuchelewa, kisha akaacha kuja, na hakuna aliyeuliza. Mama Ofu alikuwa akipita mbele ya mlango ule akiangalia upande mwingine. Yeye kazi nyingine hakuijua. Alipokuwa binti alishika chaki, na tangu hapo, mbele ya ubao ndipo alipokuwa mtu; kwingine kote alikuwa jirani tu, mteja, abiria.

Sasa jina lake. Kiingereza, alivyokuwa akiwaeleza wanafunzi, kina vivumishi vya aina mbili. Kuna vile vinavyojitegemea. Ukisema fulani ni "tall", mrefu, umemaliza. Aliyekusikia anakwenda zake. Lakini kuna vingine havifiki popote bila kusindikizwa. Ukisema fulani ni "fond", umemwacha mwenzio kashika mlango anangoja. Anapenda nini? Mpaka useme "fond of children", anapenda watoto, ndipo mlango ufungwe. "Prone" inataka "to": mwepesi wa kuugua, mwepesi wa kukosea, lakini lazima useme mwepesi wa nini. "Intent" inataka "on", mtu aliyedhamiria jambo. "Fraught" inataka "with", jambo lililojaa hatari au taabu.

"Haya maneno," alisema Mama Ofu, "ni kama bibi harusi. Umeona wapi bibi harusi anakuja peke yake amebeba begi?"

Basi yeye alisimama mbele akitaja kivumishi, na darasa zima likajibu kwa msindikizaji wake. "Fond!" "OF!" "Devoid!" "OF!" "Averse!" "TO!" Sauti zilivuka uwanja mpaka langoni, na mlinzi akiulizwa mwalimu wa Kiingereza yuko wapi, alijibu, "Mama Ofu? Yuko kule wanakopiga ofu."

Somo hilo alilipenda tangu zamani. Ila masikio yalipoanza kumtoroka, aligundua kitu: majibu ya somo lile huonekana. Mtu akisema "of", meno ya juu hugusa mdomo wa chini. Akisema "to", midomo huchongoka kama ya mtu anayepuliza uji. Akisema "with", ulimi huchungulia kati ya meno. Na "on" hufungua kinywa kama wa mtu anayetaka kupiga miayo akaghairi. Darasa lote lingeweza kunong'ona, naye angemwona aliyekosea kutoka mbele, akamwita kwa kidole. Hapo alikuwa salama. Na mtu akishapata mahali pa salama, kuhama ni kazi.

Kwa hiyo hakuhama. Vitabu vya hadithi vilibaki kabatini. Midahalo ikafa. Imla nayo ikafa. "Mwalimu, hii si tulishamaliza?" wanafunzi waliuliza. "Marudio," akajibu. Wakamaliza marudio, akawarudishia marudio. Tena akaweka sheria: mtu akiuliza swali, mwingine kwanza alirudie kwa sauti na kwa mdomo uliofunguka, ndipo lijibiwe. Walimu wenzake waliisifu ile sheria. Wakasema inakuza usikivu.

Kidato cha tatu wakawa na namna yao ya kusema, midomo inakwenda huku na huku kama ya mbuzi. Watoto wa vidato vingine wakawatania: "Nyie mnatafuna hewa, mmeshiba?"

Siku moja mzazi akamuuliza mwanawe, wiki hii mmesoma nini Kiingereza? Of. Na wiki iliyopita? Of. Na muhula uliopita? To, baba, lakini na of pia. Mzazi akafunga safari mpaka kwa mkuu wa shule, na kutoka kwa mkuu maneno yakapanda ngazi zake. Ndiyo yaliyomleta mwenye masharubu.

Mkaguzi aliingia darasani akaenda kuketi nyuma kabisa, kwenye dawati la mwisho, magoti yamemfika kifuani. Mkuu wa shule akasimama mlangoni akichezea funguo zake. Mama Ofu akashika chaki.

"Fond!" akaanza.

Midomo yote ikang'ata. Vizuri. "Accustomed!" Midomo yote ikachongoka. "Bent!" Vinywa vikafunguka. Akaanza kupata joto. Akamwinua mmoja, akatunga sentensi, akamwinua mwingine. Kwenye dawati la mbele alikaa binti mmoja aliyeitwa Redio, kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzima, na huyo akatunga sentensi ndefu kuhusu shangazi yake aliye "averse to" kufua, yaani asiyetaka kabisa kufua, darasa likacheka. Mama Ofu aliona vicheko, naye akacheka.

Akageukia ubao kuandika. Aliandika sentensi nzima, kwa mwandiko wake wa mviringo, akaweka nukta, akageuka. Akakuta darasa lote limempa kisogo. Wote walikuwa wanamtazama mkaguzi, na mkaguzi alikuwa amesimama, mikono nyuma, anamtazama yeye. Anangoja.

Ameuliza kitu. Ameuliza lini? Ameuliza nini?

Yale masharubu yalikuwa yametulia kama paka aliyekwisha kula.

"Haya," Mama Ofu akasema. "Sheria yetu ni ipi? Nani atarudia swali?"

Redio akaruka juu. "Mgeni anauliza," akasema, na mdomo wake ukafunguka wote, neno kwa neno, "mbona 'afraid' inaweza kukaa na 'of', na inaweza kukaa peke yake?"

Lo! Swali tamu. Mama Ofu nusura amkumbatie. Akaeleza kuwa hofu hata bila kutaja chanzo chake inaeleweka, mtu akitetemeka unamwona anatetemeka. Kwa hiyo "afraid" si wa kusindikizwa kila mara, akitaka anakuja na "of", asipotaka anakuja mwenyewe. Lakini "fond" hana uhuru huo. Mkaguzi akaitikia kwa kichwa na kuandika kitu. Akauliza tena, Redio akarudia tena. Na tena. Kengele ilipolia, Mama Ofu alijua imelia kwa sababu watoto walianza kufunga vitabu.

Akadhani amevuka.

Mkuu wa shule akamwashiria kwa mkono: ofisini.

Ofisi ya mkuu ilikuwa na dirisha moja kubwa, na mkaguzi alikuwa ameketi mbele yake. Mwanga wote ulikuwa mgongoni kwake. Uso wake ulikuwa giza tupu, na katikati ya giza hilo kulikuwa na giza jingine zito zaidi, ndiyo masharubu. Mama Ofu akaketi alipoonyeshwa. Alitaka kusema, samahani, naomba tubadilishane viti. Lakini ukishasema hivyo utaulizwa kwa nini.

Mkaguzi akaanza kusema. Kilichomfikia Mama Ofu ni mvumo, kama mtu anayeongea ndani ya pipa. Alimtupia jicho mkuu wa shule, ili angalau auone mdomo wake, lakini mkuu naye aliongea huku ameinamia kikombe cha chai, anakoroga sukari. Hakukuwa na Redio wa kurudia.

Sasa, watu wa masikio mazito wana ugonjwa mmoja ambao daktari hautibu: wanasema ndiyo. Umezungumza naye, kaona umenyamaza na unamtazama, anajua zamu yake imefika, na kwa kuwa hajui umesema nini anachagua neno linalowafurahisha watu wengi. Ndiyo. Bila shaka. Kabisa. Wengine wamenunua mbuzi kwa njia hiyo.

Mvumo ukakoma. Wote wawili wakamtazama.

"Ndiyo," Mama Ofu akasema, akatabasamu.

Mkuu wa shule akaacha kukoroga. Mkaguzi akaegemea mbele, akavuma tena, kifupi, kama anayetaka kuhakikisha.

"Ndiyo, mheshimiwa. Bila shaka."

Wakatazamana wale wawili. Mkaguzi akasimama, akampa mkono, akautikisa kwa heshima kubwa, heshima nyingi kuliko mtu anavyostahili kwa kujibu ndiyo. Mkuu akamfungulia mlango mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Mama Ofu akatoka, akajiegemeza ukutani kwenye korido, akashusha pumzi. Nimetoka, akawaza. Mungu mkubwa, nimetoka.

Alipitia kwanza bombani kunawa uso, na alipofika ofisi ya walimu, kwenye meza yake alimkuta mwalimu wa jiografia, ambaye wote walimwita Ramani. Ramani alikuwa mtu mnene, asiye na ndevu hata za dawa, mdomo mpana, na Mama Ofu alimpenda kwa hilo: maneno yake yalisomeka kama kibao cha duka. Alikuwa anakusanya chaki na kitabu cha Kiingereza cha kidato cha tatu.

"Hongera, dada," Ramani akasema. "Umefanya jambo la kiungwana. Sisi wengine tungeng'ang'ania mpaka tuburutwe."

"Jambo gani?"

"Si hili la kukubali mwenyewe. Mkuu kaniita sasa hivi, kasema umeulizwa kama uko radhi kuacha kidato cha tatu ukashike maktaba, ukasema bila shaka. Kasema hata hukufikiri! Kanipa mimi, na kipindi cha pili kinaanza sasa hivi. Kiingereza na mimi, dada! Nitawafundisha 'mountain' na 'river'." Akacheka, kisha akaona uso wa mwenzake, akaacha. "Vipi? Si umekubali?"

Mama Ofu alishika ukingo wa meza.

Hebu tazama alipofika. Akisema sikukubali, ataulizwa, mbona ulisema ndiyo? Hapo itabidi aseme hakusikia. Na akisema hakusikia, mtu asiyesikia anafundishaje Kiingereza? Ataondolewa. Akinyamaza, siri inabaki salama, heshima inabaki, anapewa mkono na kufunguliwa milango, na darasa limekwenda. Njia zote mbili zinaishia kwenye kufuli la maktaba. Tofauti ni moja tu: kwa njia moja ataingia humo watu wakimsifu.

"Dada?" Ramani akasema.

"Nenda, kengele imelia," Mama Ofu akasema. Hakujua kama imelia.

Ramani akaenda. Mama Ofu akabaki na meza tupu. Akafungua mtoto wa meza, akafunga. Kisha akatoka bila kujua anakwenda wapi, miguu ikajiendea, na kwa kuwa miguu ilikuwa na mazoea yake, ikampeleka kidato cha tatu. Akasimama nje, kando ya dirisha lisilo na kioo, akachungulia.

Ramani alikuwa ubaoni, mgongo kwa wanafunzi, anaandika. Mabega yake yalitikisika, bila shaka alikuwa ametaja kivumishi, kwa sababu midomo ya darasa zima iling'ata, kwa nguvu, kwa upana, kama walivyozoea. Walimng'atia mtu aliyewapa kisogo! Ramani akageuka, akawaona, akaweka mkono kiunoni. Mama Ofu akasoma mdomo wake mpana: "Hivi nyie mnatafuna nini? Ongeeni kama watu."

Wanafunzi wakatazamana. Kisha Redio akainuka, safari hii bila kuruka. Uso wake ulikuwa upande wa dirisha.

"Samahani, Mwalimu," mdomo wake ukasema. "Tumezoea. Tunamfanyia Mwalimu wetu, ili aone."

"Aone nini?"

"Tunavyosema. Yeye hasikii. Lakini usimwambie kwamba tunajua. Ataona aibu."

Chaki ikamponyoka Ramani mkononi.

Mama Ofu akarudi nyuma, akajificha ukutani. Kwa hiyo muda wote huo, alipodhani anawachunga, wao ndio waliomchunga yeye. Ile midomo ya mbuzi iliyochekwa shule nzima, walikuwa wameibeba kwa ajili yake, na hawakusema, na hawakumdai kitu. Na yeye aliwalipa nini? Of. Na to. Muhula baada ya muhula, hadithi zimefungiwa kabatini, kwa sababu mwalimu anaogopa.

Upande wa pili wa uwanja, mlango wa ofisi ya mkuu ukafunguka. Mkaguzi akatoka na mkoba wake, akielekea kwenye gari.

Mama Ofu alikuwa mwanamke wa heshima, na mwanamke wa heshima hakimbii shuleni. Alikimbia. Kiatu kimoja kilimtoka katikati ya uwanja, akakiacha. Dereva alikwisha washa gari, moshi unatoka nyuma. Yeye injini hakuisikia, akaenda akasimama mbele ya bampa, mikono imenyooshwa kama anayezuia ng'ombe. Gari likasita, likazima. Dereva akatoa kichwa na kusema jambo ambalo ni heri hakulisikia.

Mkaguzi akashuka. Mkuu wa shule akaja mbio, funguo zinarukaruka.

"Mheshimiwa," Mama Ofu akasema, anahema, "mimi nilisema ndiyo, lakini sikusikia swali."

Masharubu yakatikisika.

"Na hilo pia sijalisikia."

Masharubu yakatulia.

"Mimi sisikii, mheshimiwa. Nasoma midomo. Ya mkuu naisoma akiacha chai. Ya watoto wote naisoma. Yako siwezi, uniwie radhi, masharubu yako yamenizibia njia."

Mkuu wa shule akafunika uso kwa mkono. Dereva akageukia usukani, mabega yanamtikisika.

Mkaguzi alitupa jicho kushoto na kulia, kama mtu aliyeambiwa shati lake limechanika mgongoni. Kisha akaweka mkoba juu ya boneti, akainua mkono, na kwa vidole viwili akayainua masharubu yake juu, mpaka puani. Mdomo ukaonekana. Ulikuwa mdomo wa kawaida tu, mwembamba, wenye haya kidogo.

"Tangu lini?" ule mdomo ukauliza.

"Tangu mabirika," akajibu, halafu akajirekebisha. "Muda mrefu. Nimeficha."

"Unajua kwa nini nimekuja?"

"Najua. Nawafundisha kitu kimoja. Ndicho ninachokiona."

"Na mtihani hauulizi hicho peke yake."

"Hauulizi hicho peke yake," Mama Ofu akakubali. "Hapo nina kosa. Niadhibu kwa hilo. Lakini usiniondoe kwa ndiyo ambayo sikuisema kwa moyo."

Mkaguzi akayaachia masharubu, yakashuka kama pazia. Akazungumza na mkuu pembeni. Mama Ofu alisimama na kiatu kimoja, jua linamchoma utosini, akimwangalia mkuu ambaye sasa hakuwa na kikombe. Akasoma vipande: "...wazazi..." "...hospitali..." "...nani atakubali..." Kila kipande kilimchoma. Kisha mkaguzi akarudi, akayainua tena masharubu.

"Turudi darasani," akasema. "Leo, sasa hivi, utafundisha somo ulilolikimbia. Nikiona haliwezekani, tutaachana kwa amani."

Wakaingia. Ramani alipowaona alikabidhi chaki haraka, kama mtu anayerudisha mtoto aliyeanza kulia. Mama Ofu akawatazama wanafunzi wake, nao wakamtazama mguu usio na kiatu.

"Sisikii," akawaambia. Neno lilikuwa dogo kuliko alivyodhani. "Najua mnajua. Asanteni. Sasa inukeni, sogezeni madawati. Nataka kila mtu nimwone uso."

Madawati yakaburutwa, yakapangwa kama kiatu cha farasi, naye akasimama katikati. Akafungua kabati, akatoa kitabu cha hadithi, akapuliza vumbi. Wakasoma kwa zamu, kisha akawaachia wabishane kuhusu mhusika mmoja aliyemkimbia nduguye. Ilikuwa vurugu. Wakaongea wawili wawili, akawapoteza. Mmoja akaziba mdomo kwa kiganja, akampoteza. "Simama. Sijasikia. Rudia," akasema, na akasema tena, na tena, mpaka yale maneno yakaacha kumkwaruza koo. Kila aliyetaka kusema akawa anainua mkono kwanza ili ageukiwe. Mara nyingine alijibu kitu kisichoulizwa, darasa likacheka, Redio akamrekebisha, somo likaendelea kuchechemea. Lakini lilikuwa linakwenda.

Nyuma, mkono ukainuliwa. Mkaguzi. Mama Ofu akamgeukia. Na mkono wa pili wa mkaguzi ukapanda, vidole viwili, ukayainua masharubu. Darasa likapasuka kwa kicheko.

"Kidato cha tatu utabaki nacho," akasema kwa Kiswahili, polepole, ili Mama Ofu amsome mdomo. "Uende hospitali ya masikio wiki hii. Na mwisho wa muhula nitarudi. Nikiwasikia wanapiga ofu tena, maktaba ipo palepale."

"Nimesikia," akasema Mama Ofu, na safari hii alikuwa amesikia kweli.

Alirudi nyumbani na kifaa cha kusikilizia siku chache baadaye, kidogo kama punje ya haragwe, kimejikunyata nyuma ya sikio. Kilimpigia makelele ya ajabu: karatasi ilinguruma, kijiko kilipiga kengele. Mumewe alikuwa sebuleni anachora herufi za kibao. Akamtazama, akaweka brashi, akausugua ule mdomo wake wa juu ulio mtupu kwa kidole.

"Kwa hiyo sasa," akasema kwa sauti ya chini, akiwa amegeuka pembeni kwa makusudi, kumpima, "naweza kuyafuga tena?"

Jikoni birika lilianza kulia. Mama Ofu akainuka kwenda kulitoa motoni.

"Thubutu!" akasema.